Goku, Atom au Kapteni Majid: athari ya mhusika hupimwaje?

Swali: Assalaam aleikum Maalim. Sisi ni vijana wanane wa baraza moja hapa Langoni, Lamu. Kila siku baada ya Isha, kahawa ikishafika, ubishi ni ule ule: katika anime, yaani katuni za Kijapani, mhusika gani ana athari kubwa kuliko wote? Wanne wetu wako kwa Goku, wawili kwa Naruto, mmoja anasema ni Luffy, "mmoya tu, hana wa pili", na kaka yetu mmoja aliyekulia Jeddah hutucheka sote na kusema hakuna kama Kapteni Majid. Tumekubaliana Alhamisi tulimalize kwa mdahalo, na kambi zitakazoshindwa zinunue mahamri. Tuupange vipi usiishie kwenye kelele? Na wewe mwenyewe ungempa nani?

Jibu: Wa aleikum salaam, wanangu. Kelele zenu zina sababu, na sababu yenyewe si ukaidi. Nyinyi wanane hambishani jambo moja. Anayemtetea Goku, mkimsikiliza vizuri, mara nyingi anazungumzia nguvu: nani angempiga nani. Wa Naruto anazungumzia mapenzi, yaani jinsi alivyoguswa yeye. Wa Luffy anataja mauzo. Wa Majid anausimulia utoto wake. Kila mmoja ana haki katika lake, basi ubishi wa namna hiyo unaweza kwenda hadi Maulidi ya Mfungo Sita bila wa kushinda wala wa kushindwa.

Kwa hivyo kabla ya jina lolote kutajwa, kubalianeni maana ya neno. Athari tumelitoa katika Kiarabu, na huko athar ni alama inayobaki baada ya mtu kupita, kama wayo kwenye mchanga wa Shela. Ukiutazama wayo hujui aliyepita alipendwa na wangapi. Unajua tu kwamba alipita hapa na mchanga umebadilika. Swali la mdahalo basi liwe hili: kuna nini leo ambacho kisingekuwapo lau mhusika huyu hakupita?

Watu wa Lamu mna kipimo chenu kizuri cha jambo hili na sioni mkikitumia. Chukueni bahari ya utenzi. Vipande vinne, mizani nane nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja kinachobadilika kila ubeti, na cha nne kinashika kina cha bahari mpaka mwisho wa utungo. Mtunzi anaweza kwenda beti mia tano akibadilisha vina vya ndani apendavyo, lakini kila baada ya vipande vitatu atarudi palepale. Mhusika mwenye athari ndiye kina cha bahari. Waliomfuata hubadilisha nchi, silaha, nywele na maadui, na bado hadithi zao zinarudi kwake.

Sasa tulifanye la vitendo. Kila dai litakalotolewa Alhamisi lije na silsila yake, kama mtu anavyotaja alipokea kwa nani. Silsila moja ina vitu vitatu: jina la mpokeaji, mwaka, na alama yenyewe iliyopokewa, ile ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole. Kikikosekana kimoja, dai halihesabiwi. Mwaka ndio unaovunja madai mengi, kwa kuwa hakuna anayeweza kumwathiri aliyemtangulia.

Mfano. Mtu anasimama na kusema Sailor Moon, yule msichana shujaa, ndiye aliyeanzisha kikosi cha mashujaa wa rangi rangi. Mwulizeni mwaka. Manga yake (namaanisha vitabu vya hadithi za picha vya Wajapani, si ile Manga ya pilipili) ilianza mwisho wa 1991, na anime ikaanza Machi 1992. Kikosi cha watu watano wa rangi tano, Gorenger, kilikuwa kwenye televisheni ya Japani tangu 1975, tena kwa waigizaji wa kweli. Kubadilika mavazi ndani ya mwanga nako kulikuwapo kwa Cutey Honey mwaka 1973. Dai limeanguka. Lakini akisema kwamba mtunzi wake, Takeuchi Naoko, aliziunganisha bahari mbili, ya msichana mwenye uchawi na ya kikosi cha wapiganaji, na kwamba baada yake ndipo tukapata Pretty Cure mwaka 2004, mfululizo ambao hadi leo hubadilishwa wasichana kila mwaka, pamoja na Madoka Magica ya 2011 iliyoupindua mpango huo huo kichwa chini, hapo dai limesimama. Ni mhusika yule yule na mtetezi yule yule. Tofauti ni tarehe.

Tuje kwa Goku, kwa kuwa nusu ya baraza ni yake. Toriyama Akira alimwanzisha katika manga ya Dragon Ball, ndani ya jarida la Weekly Shonen Jump, mwaka 1984 na kumchora mpaka 1995, sura 519 katika juzuu 42. Anime ilianza Februari 1986. Jina, fimbo na wingu la kupanda vyote vimetoka kwa Sun Wukong, mfalme wa nyani katika hadithi ya Kichina ya karne ya 16, na wapinzani watalitumia hilo: "Naye kaazima!" Kaazima, ndiyo. Hata huyo mtunzi wa utenzi hakuibuni mizani nane. Cha kuuliza ni kama waliokuja nyuma wanatunga kwa namna ya yule wa kale au kwa namna yake.

Tazameni alama moja kwa karibu. Mwaka 1991, katika pambano na adui yake Frieza, nywele za Goku zinageuka za dhahabu. Manga huchapwa kwa wino mweusi, kwa hiyo dhahabu kwenye ukurasa ni karatasi tupu. Toriyama alieleza kwamba sababu moja ilikuwa wino wenyewe: nywele nyeusi za Goku zilitaka kujazwa picha baada ya picha, na kazi hiyo ilimla msaidizi wake saa nyingi. Zikiachwa nyeupe, saa zinaokolewa. Msomaji hakuuona wino ulioachwa. Aliona shujaa amepanda daraja, na kwamba daraja hilo linaonekana kwa jicho kabla ya ngumi ya kwanza kurushwa. Tangu hapo imekuwa kama sharti. Naruto akizidiwa hufunikwa na nguvu za mbweha kama joho. Luffy hupanda gia moja baada ya nyingine, na alipofika ya tano nywele zake nazo zikawa nyeupe. Huo ni wayo, unaweza kuupima kwa rula.

Na silsila haikatiki hapo. Oda Eiichiro wa Luffy na Kishimoto Masashi wa Naruto wamesema hadharani kwamba walikua wakimsoma Toriyama, na alipofariki Machi 2024 wote wawili waliandika kumuaga. Hesabuni wenyewe: kila alama ya athari mnayompa Naruto au Luffy, sehemu yake inarudi kwa Goku. Najua litawaudhi watatu kati yenu.

Hapa niweke neno dogo pembeni. Goku, Naruto na Luffy, wanaume hao watatu mnaowagombania, katika Kijapani wote husemwa na wanawake. Bi Nozawa Masako, mzaliwa wa 1936, amekuwa sauti ya Goku tangu 1986. Takeuchi Junko ni Naruto, na Tanaka Mayumi ni Luffy. Kwenye mdahalo haliwapi alama yoyote, lakini baraza la wanane ambalo halikumtaja hata msichana mmoja linastahili kulijua.

Sasa Atom, ambaye wengine humjua kwa jina la Astro Boy. Hamkumtaja, na nadhani ni kwa sababu hakuna kati yenu aliyemtazama. Si hoja. Tezuka Osamu alianza manga yake mwaka 1952, na tarehe 1 Januari 1963 Atom akatokea Fuji TV kila wiki, vipindi 193 mpaka mwisho wa 1966. Kabla yake hapakuwa na mfululizo wa katuni za Kijapani wa nusu saa kila wiki wenye mhusika mmoja na hadithi inayoendelea ambao uliweza kusimama. Kulikuwa na sababu, nayo ni hesabu.

Kamera ya filamu hutaka fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Kipindi cha dakika 25 ni fremu 36,000. Hata ukiamua mchoro mmoja ukae fremu tatu, yaani michoro minane kwa sekunde, bado ni michoro 12,000 kwa kipindi kimoja, na wiki ijayo kinatakiwa kingine. Hakuna studio ndogo iliyoweza. Kampuni ya Tezuka, Mushi Production, ikapunguza kila palipopunguzika. Uso unatulia, mdomo peke yake unasogea. Mchoro wa Atom akiruka angani unawekwa akiba, kisha unatolewa tena baada ya wiki kadhaa juu ya mandhari nyingine. Picha isiyosogea inapitishiwa kamera taratibu ili ionekane ina uhai. Usiku mkitazama anime ya mwaka huu na mkaona mtu anazungumza dakika nzima nywele hazitikisiki, au shujaa amening'inia hewani huku mistari ya kasi ikimpita nyuma, mnatazama ufumbuzi wa 1963.

Fedha nazo. Tezuka aliuza vipindi kwa bei isiyofikia gharama ya kuvitengeneza. Pengo lilizibwa na uso wa Atom: kampuni ya peremende ya Meiji ilikuwa mfadhili, ikatia vibandiko vya Atom pamoja na chokoleti zake, na watoto wakazifuata. Mwaka huo huo vipindi vikauzwa Marekani. Mpango huo wa kutengeneza kwa hasara na kurudisha kwa vibandiko, midoli na leseni ndio uliobaki kuwa mgongo wa biashara nzima, pamoja na ujira mdogo wa wachoraji ambao watu wa fani hiyo wanaulalamikia hadi leo. Athari si lazima iwe nzuri. Andikeni hilo kwenye kanuni zenu.

Mtetezi wa Goku akiwa makini atarusha swali gumu kuliko yote: "Hayo ni ya Tezuka, Atom kafanya nini?" Ni swali la haki, na litajirudia kwa kila jina, basi muwe na kanuni yake. Jaribuni kuubadilisha uso. Je, kazi ile ile ingefanyika kwa mhusika mwingine wa mtunzi yule yule? Kwa Atom jibu langu ni kwamba isingefanyika, maana deni lililipwa na uso ambao watoto walikuwa wanaujua kwa miaka kumi na moja kabla ya televisheni. Kwa mbinu za kuchora peke yake, ningekubali kwamba ni ya Tezuka, na ningekata alama chache.

Kuna mtego wa pili, wa umaarufu, na dawa yake ni kijana anayeitwa Amuro Ray. Mfululizo wake wa kwanza wa Gundam, 1979, ulipangiwa vipindi 52 ukakatwa 43 kwa kukosa watazamaji. Mwaka uliofuata kampuni ya Bandai ikatoa midoli ya kuunganisha ya maroboti yake, ya kwanza ikiuzwa yeni 300, na mwaka 1981 vipindi vikaunganishwa kuwa filamu za sinema. Kilichokuwa kimekufa kikafufuka, na kijana anayeingizwa kwenye roboti la vita bila kutaka akawa aina ya shujaa inayochorwa mpaka leo. Shinji wa Evangelion, 1995, ni wa ukoo huo. Mngepiga kura ya mikono mwaka 1979, Amuro angeondoka bila kitu. Ndiyo maana kura ya mikono haifai barazani kwenu pia: wanne wa Goku wameshashinda kabla kahawa haijamiminwa.

Kaka yenu wa Jeddah mmemcheka bure. Kapteni Majid ndiye Tsubasa wa Takahashi Yoichi, manga ya 1981, anime ya 1983, aliyefika nchi za Kiarabu kwa jina na lugha ya huko. (Kaka zake wakubwa huenda wangemtaja Grendizer, roboti aliyefasiriwa Kiarabu kule Lebanon.) Alama ya Majid iko viwanjani. Alipoanza, Japani haikuwa na ligi ya kulipwa, J.League ilianza 1993, na timu ya taifa ikafika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza 1998. Sisemi yeye ndiye sababu peke yake, ila wachezaji wa kizazi hicho walikua naye. Nje ya Japani silsila iko wazi zaidi: Fernando Torres wa Hispania amesema mwenyewe kwamba katuni hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye mpira. Na mwaka 2004, magari ya maji yaliyotolewa na Japani kule Samawah, Iraq, yalibandikwa picha ya Tsubasa ili watu wayatambue kuwa ni ya heri. Hakuna aliyebandika ya Goku. Udhaifu wake ni kwamba ndani ya anime kwenyewe wapokeaji wake wamebaki zaidi kwenye hadithi za michezo.

Luffy ana hoja moja nzito, na mtetezi wake asiipoteze kwa kutaja mauzo. Nakala za One Piece, manga yake Luffy, zimepita milioni 500 tangu 1997, sawa, lakini hiyo ni idadi ya waliopenda. Hoja nzito ni bendera. Mwaka 2025 lile fuvu lenye kofia ya ukili lilipeperushwa na vijana Indonesia mwezi wa Agosti, likaonekana Nepal Septemba, kisha Bukini, yaani Madagaska, ambako vijana waliliondolea kofia ya Luffy na kulivika kofia ya kwao. Kulivika kofia ya kwao ndiyo alama yenyewe. Mtu habadilishi kitu mpaka awe amekipokea kikawa chake. Mpinzani atasema bendera si Luffy. Mtetezi ajibu kwa kipimo cha uso: je, vijana wangeipandisha bendera ile kama aliyeibeba angekuwa haramia mwenye roho ya uharamia?

Kwa Naruto sina mengi. Zipo zile mbio za mikono nyuma, ambazo zilikuwa sehemu ya mzaha mkubwa wa kuivamia Area 51, kambi ya siri ya jeshi la Marekani, mwaka 2019 na ambazo watoto hukimbia popote penye nafasi. Zipo hadithi za wanafunzi watatu na mwalimu mmoja mwenye siri, kama Jujutsu Kaisen ya 2018, ambayo kila anayeijua Naruto ataona inavyofanana nayo. Ni mpokeaji mkubwa aliyepitisha kwa wengine. Wawili wenu msiumie.

Atakayetaja katuni ya Avatar: The Last Airbender, na atakuwapo, jibuni hivi: ni kazi ya Wamarekani ya 2005, iliyopokea kutoka anime. Kwamba mpiganaji Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos, ametoa humo jina lake la ulingoni ni silsila nzuri sana, lakini ni ya mdahalo mwingine.

Mpango wa usiku wenyewe. Mko wanane, na majina ya kupambanisha yasizidi sita, la sivyo saa sita ya usiku itawakuta barazani kwa watu mkigomba. Wa Luffy na wa Majid watetee wao wenyewe. Mmoja wa Naruto atetee, wa pili awe karani. Kambi ya Goku ina watu wanne: mmoja amtetee Goku, mmoja apewe Atom, mmoja Sailor Moon, na wa nne ashike saa. Kuwapa wawili majina wasiyoyapenda ni makusudi. Mtu akitetea asichokipenda hutafuta ushahidi; akitetea akipendacho huinua sauti.

Waamuzi wawe watatu na watoke baraza jingine. Kila mtetezi apewe dakika nne za kusema, kisha dakika tatu za kuulizwa, na dakika moja waamuzi waandike bila kuoneshana. Dakika nane mara sita ni 48. Mkiongeza kumi za kusoma kanuni hamfiki saa nzima. Kila mtetezi aje na silsila tatu zilizoandikwa kwenye karatasi tangu nyumbani, na simu ziingie kikapuni. Simu zikibaki mikononi, mtu atasoma maneno ya kubuni aliyobandikiwa Oda au Toriyama kwenye picha, na hakuna mwenye bando la kuyathibitisha kwa dakika tatu. Mpinzani akihoji silsila na mtetezi akashindwa kutaja mwaka, hiyo inafutwa. Akitokea wa kusema "Goku angemmaliza kwa pigo moja", mshika saa agonge dhumna mezani na kambi hiyo ikatwe alama tano.

Alama ziwe 100. Silsila ndani ya anime yenyewe, 40. Alichobadilisha katika kazi na biashara, 25. Alichobadilisha katika maisha ya watu nje ya kioo, 25. Masafa na umri, yaani amefika nchi ngapi na amedumu kiasi gani, 10. Katika kila kipimo msigawanye kwa tatu. Chukueni alama ya katikati. Waamuzi wakitoa 37, 35 na 12, wastani ni 28 na huyo wa 12 ameamua peke yake. Alama ya katikati ni 35, na ushabiki wake umezimwa.

Mizani hiyo isomwe kabla ya majina kugawiwa, nanyi mtaona kwa nini nikiwaonesha karatasi yangu. Goku nampa 37, 15, 15 na 9: jumla 76. Atom 30, 25, 11 na 8: jumla 74. Sailor Moon 29, 14, 14 na 8: 65. Majid 20, 8, 24 na 9: 61. Luffy 18, 10, 22 na 9: 59. Naruto 22, 8, 15 na 9: 54. Mmeniuliza ningempa nani, basi ni Goku, kwa alama mbili. Sasa chukueni alama zile zile, mpunguze silsila kuwa 30 na mpandishe kazi na biashara kuwa 35. Goku anashuka hadi karibu 73, Atom anapanda hadi 76 na nusu. Hakuna ukweli uliobadilika. Mmebadilisha mizani tu. Mkiacha kuipanga mpaka katikati ya mdahalo, kila kambi itavuta ule upande wenye samaki wake, na hapo mmerudi kwenye kelele za jana. Mimi nimeipa silsila uzito mkubwa kwa kuwa mmeuliza habari ya mhusika. Mngeuliza habari ya anime kama kazi ya mikono na fedha, ningempa Atom bila kusita.

Zikifungana, asishinde mwenye kelele wala msirudie hotuba. Kila mmoja wa wawili waliofungana ataje mpokeaji mmoja ambaye hajatajwa usiku huo, pamoja na mwaka na alama. Atakayeshindwa kwanza ndiye aliyeshindwa.

Na kaka yenu wa Jeddah mpeni nafasi ya mwisho kusema. Akianza yeye, atasimulia viwanja vya utotoni mwake na kila atakayefuata ataacha karatasi yake ili amjibu yeye. Akija wa sita, waamuzi watakuwa wameshazoea kudai mwaka na alama, naye atalazimika kuleta Torres na magari ya maji, ambayo ndiyo yatakayompa zile 24.